KCSE ya C, diploma au Senior 6 ya Uganda: ipi inakufikisha chuo kikuu, na ipi inakufikisha kazini

Chukua slipu hii ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya: Hisabati D, Kiingereza C+, Kiswahili B-, Biolojia C, Kemia C-, Historia B-, Kilimo C+. Ukizigeuza gredi hizo kuwa pointi unapata 3, 7, 8, 6, 5, 8 na 7. Jumla ni 44. Gredi ya wastani ya C, ile wanafunzi huiita C plain, inaanzia pointi 39 na kuishia 45. C+, kiwango cha kuingilia digrii, inaanzia 46. Mwenye slipu hii amekosa mlango wa digrii kwa pointi mbili.

Akiwa Kakamega, Kisumu au Busia hatakosa washauri. Mmoja atamwambia arudie mtihani. Mwingine atamtuma Sigalagala au Kisumu National Polytechnic akafanye diploma. Wa tatu atamwonyesha mpaka: vuka, ingia Senior 5, baada ya miaka miwili unaomba chuo kikuu kama mtu yeyote wa A-level. Wa nne atasema anajua chuo kinachochukua hivyo hivyo. Huyo wa nne usimsikilize. Watatu wa kwanza wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia mlango wa kuingilia tu.

Mlango wa kutokea ni mwingine. Msajili wa chuo kikuu anataka kujua kama una sifa za kuanza masomo. Miaka minne baadaye, TSC (tume ya walimu), Baraza la Wauguzi au Kenya School of Law (chuo kinachoandaa mawakili) hufungua faili lako upya na kurudi hadi kidato cha nne, somo kwa somo. Mtu anaweza kuwa na digrii halali ya chuo kinachotambuliwa na bado akakwama hapo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha karo na miaka, iandike kazi unayoitaka juu kabisa ya karatasi, na uipime kila njia hapa chini kwa kazi hiyo.

Kurudia KCSE

Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. Zamani ilikuwa lazima hesabu ibebe lugha zote mbili na sayansi mbili. Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa anayerudia. Mwenye slipu yetu akiongeza somo la nane, tuseme Dini, akapata B yenye pointi 9, Kemia yake ya pointi 5 inatoka kwenye hesabu. Jumla inapanda kutoka 44 hadi 48, ambayo ni C+, bila Hisabati kusogea hata hatua moja. Asiyetaka somo jipya anahitaji Hisabati ipande kutoka D hadi D+ na Kemia kutoka C- hadi C, basi, pointi 46 zimetimia.

Ila kanuni hiyo hairudi nyuma. Cheti cha 2021 kinabaki na gredi yake ya 2021. Tena matokeo ya miaka miwili hayachanganywi ili kupata wastani mmoja: cheti kipya kinasimama peke yake. Ukipandisha Kemia na huku Kiswahili kikashuka kutoka B- hadi C kwa sababu hukukigusa mwaka mzima, umejenga upande mmoja na kubomoa upande wa pili. Watu wengi wanaorudia huanguka hapo hasa. Wanasoma masomo waliyofeli tu, na yale waliyopita wanayaacha yalale.

Jambo jingine linalokwamisha ni kituo cha mtihani. Usajili wa watahiniwa wa kibinafsi hufanyika mwanzoni mwa mwaka ingawa mtihani uko mwishoni. Somo lenye majaribio ya maabara linahitaji kituo chenye maabara na mwalimu atakayekuruhusu kushika pipeti na bureti kabla ya siku yenyewe. Somo lenye mradi, kama Kilimo, linahitaji kituo kitakachokubali kusimamia mradi wako tangu mapema mwaka wa mtihani. Uliza hayo kabla ya kulipa. Vitabu teule vya Fasihi na vya Kiingereza pia hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo usiamini vile vilivyobaki chini ya kitanda.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapanga wanafunzi vyuoni. Anayepata C+ anaweza kupangiwa digrii pamoja na kidato cha nne wa mwaka huo, na ufadhili wa serikali kwa masomo ya digrii, yaani udhamini na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), umefungamanishwa na kupangwa huko. Anayeingia digrii kwa diploma au kwa A-level huomba chuoni moja kwa moja na kwa kawaida hujilipia. Kwa familia nyingi tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya miaka.

Angalia pia kalenda. Darasa la mwisho la 8-4-4, lililoingia kidato cha kwanza 2024, linafanya KCSE mwaka 2027. Anayesema "nitarudia nikishapata pesa" ahesabu vizuri.

Ushauri wetu: ukiwa na pointi 43 hadi 45 na unajua somo gani lilikuangusha, rudia. Ukiwa na 39 au 40 na udhaifu umetawanyika kila mahali, mwaka huo utakufaa zaidi kwenye diploma.

Diploma kisha digrii

Diploma nyingi huanzia C-, kwa hiyo slipu yetu inatosha. KUCCPS hupanga wanafunzi wa diploma pia katika vyuo vya serikali, kuanzia polytechnic za kitaifa za Kisumu, Sigalagala na Eldoret hadi kampasi za KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba. Diploma yenyewe huchukua miaka miwili hadi mitatu. Baada ya hapo unaomba digrii Maseno, MMUST, Kibabii, Egerton, Kabarak au kwingineko.

Njia hii ndiyo tunayoiona salama kwa walio wengi, kwa sababu ukisimama katikati bado una ujuzi unaouzika. Lakini ina mitego minne ambayo watu hugundua wakiwa wameshachelewa.

Mtego wa kwanza ni chuo chenyewe. Chuo cha kiufundi lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya kiufundi, na hata kozi yenyewe iwe imeidhinishwa pale. Bango kubwa lililo juu ya duka la simu pale stendi halithibitishi chochote. Tafuta jina la chuo kwenye orodha ya TVETA, kisha uliza mtihani wa mwisho unatungwa na nani: KNEC (baraza la mitihani la taifa), TVET CDACC (baraza la mitihani ya ufundi), KASNEB (bodi ya mitihani ya uhasibu), au chuo chenyewe. Diploma ya mtihani wa ndani ya chuo kidogo ndiyo inayorudishwa mara nyingi na ofisi za usajili.

Mtego wa pili ni alama. Vyuo vikuu vingi huandika kwamba diploma iwe na krediti au zaidi. Mwenye pasi hukataliwa, au huombwa uzoefu wa kazi juu yake. Sasa hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: vyeti vya CDACC vya Level 6, yaani ngazi ya diploma, havina neno krediti. Matokeo yake yanapimwa kwa ngazi za umahiri, na msajili aliyezoea vyeti vya KNEC anaweza kukuuliza krediti iko wapi. Usingoje ulizwe. Kabla ya kulipa ada ya maombi, peleka nakala ya matokeo na uulize kwa maandishi chuo kinasomaje ngazi hizo.

Mtego wa tatu ni uhusiano wa kozi. Diploma inafungua digrii ya fani yake. Diploma ya teknolojia ya habari inakupeleka kwenye sayansi ya kompyuta, diploma ya ujenzi kwenye uhandisi wa ujenzi, diploma ya kilimo kutoka chuo cha Bukura kwenye digrii za kilimo. Anayefanya diploma ya kazi za jamii kwa sababu nafasi zilikuwepo, halafu akaomba ualimu wa Hisabati, anarudishwa kwenye KCSE yake.

Wa nne ni uhamisho wa krediti, maana yake masomo ya diploma kuhesabiwa kwenye digrii, wala si ile alama ya krediti, na hapa tukae kidogo. Mwenye diploma inayohusiana na digrii anaweza kuruhusiwa kuruka baadhi ya masomo, mara nyingi yale ya mwaka wa kwanza. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hairuhusu krediti hizo zifikie nusu ya programu, kwa hiyo anayekuahidi kumaliza digrii ya miaka minne kwa mwaka mmoja na nusu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Krediti haziji zenyewe. Unaziomba, na ombi linakuwa na karatasi ya matokeo ya kila somo pamoja na silabasi ya kozi uliyofanya, yenye saa na mada. Ombi lisilo na silabasi hukataliwa kwa sababu rahisi: mhadhiri anayelipitia hana kitu cha kulinganisha. Chukua silabasi chuoni kwako kabla hujaondoka, ipigwe mhuri, maana kuirudia miaka mitatu baadaye ni kazi.

Tena si kila krediti inafaa kuchukuliwa. Kwenye uhandisi na kompyuta, mwanafunzi aliyerukishwa hadi mwaka wa pili hukutana na kalkulasi ambayo wenzake waliianza mwaka uliopita. Mwenye D ya Hisabati kwenye KCSE, hata kama diploma yake ni nzuri sana, tunamshauri aanze mwaka wa kwanza kwenye masomo ya Hisabati na achukue krediti kwenye mengine. Kukaa na somo lile lile hadi mwaka wa nne kunagharimu zaidi ya muhula mmoja uliookolewa.

Na aliye na D+? Kwake kuna ngazi: cheti cha ufundi, yaani Level 5, kisha diploma, kisha digrii. Ni ndefu, lakini inafika. Vyuo vikuu vinatofautiana hapa. Vingine vinaangalia diploma peke yake, vingine bado vinaweka kiwango cha chini cha KCSE nyuma yake. Fundi wa miaka mingi asiye na karatasi anaweza kuanzia kwenye utambuzi wa ujuzi wa awali chini ya KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma, ili apate ngazi ya kuingilia vyuo vya kiufundi.

Senior 5 na 6 ng'ambo ya mpaka

Kwa mtu wa Busia, Malaba, Bungoma au Teso, hii si safari ya mbali. Shule ziko Busia ya Uganda, Tororo, Mbale. Mwanafunzi wa KCSE huingia Senior 5, lakini kabla UNEB, baraza la mitihani la Uganda, haijamsajili kwa mtihani wa UACE wa mwisho wa Senior 6, KCSE yake lazima ilinganishwe na UCE, cheti cha kidato cha nne cha Uganda. Shule nyingi za mpakani zinaujua mchakato huo. Tatizo ni zile zinazouacha hadi mwaka wa mtihani. Dai namba ya barua ya ulinganisho ukiwa bado Senior 5.

Vyuo vikuu vya Kenya bado vinayo kanuni ya tangu enzi za KACE, mtihani wa zamani wa A-level wa Kenya: pasi kuu mbili, ndizo wanazoita principal, na pasi ndogo moja. Uganda mwanafunzi hufanya masomo makuu matatu, General Paper, na ama Hisabati ndogo au kompyuta ndogo. Somo kuu lina pointi 6 kwa A, 5 kwa B, 4 kwa C, 3 kwa D na 2 kwa E. Gredi ya O ni pointi moja na haihesabiwi kuwa pasi kuu. Kila somo dogo ukilipita linatoa pointi moja. Jumla ya juu kabisa ni 20.

Linganisha ugumu kwa uaminifu. Mwenye slipu yetu akichagua Fizikia, Kemia na Biolojia kwa sababu anataka udaktari, anapeleka C- ya Kemia kwenye silabasi iliyo nzito mara nyingi zaidi ya ile iliyomshinda. Akichagua Historia, Kiswahili na Uchumi, anapeleka B- mbili mahali zinapofaa. Mchanganyiko wa masomo ndio unaoamua kozi ya chuo kikuu, kwa hiyo uamuzi mzito uko siku ya kwanza ya Senior 5, wala si siku ya matokeo.

Ukirudi Kenya, KUCCPS haitakupanga kwa UACE. Unaomba chuoni moja kwa moja na kujilipia. Ndiyo maana njia hii, licha ya sifa zake, inawafaa zaidi wenye uhakika wa karo ya miaka sita.

Wengine hutaka kuvuka na KCSE peke yake na kuingia chuo kikuu cha Uganda. Kwa kuwa hawakukaa Senior 6, huelekezwa kwanza kwenye Higher Education Certificate, kozi ya mwaka mmoja. Digrii wanayorudi nayo lazima itambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, na bodi za taaluma bado zitauliza KCSE. Kwa kazi isiyo na bodi njia hii haina shida. Kwa ualimu na sheria tungesita.

Zikiwa kando kwa kando

| | Kurudia KCSE | Diploma | Senior 5 na 6 |
|---|---|---|---|
| Hadi kuanza digrii | Mwaka mmoja na nusu hivi tangu usajili | Miaka 2 hadi 3 | Miaka 2 na miezi kadhaa ya kungoja muhula |
| Unaingia kupitia | KUCCPS | Maombi ya moja kwa moja | Maombi ya moja kwa moja |
| Ufadhili wa serikali kwa digrii | Upo ukipangwa | Kwa kawaida hapana | Kwa kawaida hapana |
| Usipofaulu unabaki na | Cheti chako cha zamani | Ujuzi, hata ukiwa na pasi | KCSE ile ile, miaka miwili ikiwa imepita |
| Kinachoharibu mara nyingi | Kuacha masomo uliyopita | Chuo kisichosajiliwa, fani isiyohusiana | Mchanganyiko mbaya wa masomo |

Msitari wa nne usomwe mara mbili. Wazazi wengi hulinganisha karo na muda, na hawaulizi mtoto atakuwa ameshika nini mkononi mambo yakienda kombo.

Aliyesoma mtaala wa Uingereza

Nakuru na Kisumu zina shule za mtaala huo, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayetoka na IGCSE kisha familia ikakosa karo ya miaka miwili ya A-level. IGCSE peke yake haiingizi mtu kwenye digrii Kenya, hata ikiwa na A tupu. Ni sawa na kidato cha nne, na haina wastani wa masomo saba wa kulinganisha na C+. Ana njia mbili zinazofaa: amalize A-level mahali pengine, au apeleke IGCSE ikalinganishwe na KNEC kisha aingie diploma. Kumrudisha kidato cha tatu ili afanye KCSE ni njia ya mwisho. Kiswahili humwangusha, na masomo saba ni mengi kwa aliyezoea matano au sita.

Jihadhari na AS. Ni nusu ya A-level. Mwenye AS tatu hana pasi kuu hata moja kwa hesabu ya vyuo vya hapa, na tumeona jambo hilo likichanganya hata wazazi makini. E ya A-level ni pasi kuu, kwa hiyo E mbili zinatimiza sharti la pasi kuu, lakini kozi zenye ushindani zitadai zaidi.

Kozi ya daraja

Kuna anayepata C+ ya wastani lakini akakosa somo moja, kama Kemia au Hisabati. Baadhi ya vyuo huwa na kozi fupi ya kumvusha. KUCCPS haitaihesabu, bodi nyingi za taaluma haziitambui, na chuo cha jirani kinaweza kuikataa. Ifanye tu ikiwa chuo utakachosomea digrii ndicho kinachoitoa, na kazi unayoitaka haina bodi.

Sasa pima kwa kazi

Ualimu wa sekondari. TSC huangalia C+ ya wastani na C+ katika masomo mawili ya kufundishia, au kwa mtu wa A-level, pasi kuu mbili na pasi ndogo moja, zile pasi kuu zikiwa za masomo atakayofundisha. Slipu yetu ina Historia B- na Kiswahili B-. Huyu ni mwalimu wa Historia na Kiswahili aliyekosa pointi mbili tu za wastani. Arudie. Hakuna kazi nyingine ambayo ushauri wake uko wazi hivi. Akivuka Uganda, afanye masomo hayo hayo mawili kama masomo makuu.

Uuguzi. Digrii inataka C+ ya wastani, na C+ katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Kwa slipu yetu, kurudia kungedai Hisabati iruke kutoka D hadi C+, hatua nne. Lakini diploma ya uuguzi ya KRCHN inataka C ya wastani, C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Soma slipu tena: Biolojia C, Kiswahili B-, Kemia C-. Anatosha leo, bila kurudia chochote. Akishasajiliwa kama muuguzi, kuna digrii za kujiendeleza kwa wenye KRCHN. Hapa diploma inashinda wazi, mradi shule iwe imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi na jina la mwanafunzi lisajiliwe kwenye baraza mwanzoni mwa masomo. Uliza kuhusu usajili huo mwezi wa kwanza, si mwaka wa tatu.

Sheria. Chuo kikuu kinaweza kumpokea mwenye diploma kwenye LLB, digrii ya sheria. Lakini sheria ya 2012 ya Kenya School of Law, katika jedwali lake la pili, inataja KCSE ya C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Wahitimu wengi waliopanda kwa diploma wamelazimika kwenda mahakamani kuhusu kifungu hicho. Anayeota kuwa wakili na ana B- ya Kiswahili asijifariji kwamba ni karibu. B ni B. Arudie akiwa na shabaha mbili: pointi 46, na Kiswahili kipande hatua moja.

Uhandisi. Hakikisha digrii yenyewe imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, maana zipo zenye jina la uhandisi ambazo hazijaidhinishwa. Njia ya diploma inaheshimika hapa, na mwenye diploma anaweza kusajiliwa kama fundi sanifu na KETRB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2016, huku akisubiri digrii.

Uhasibu, biashara, kompyuta. Hapa hakuna anayerudi kuchimba kidato cha nne ukiwa na digrii. Diploma yoyote nzuri inayohusiana inatosha, na CPA ya KASNEB, cheti cha taaluma ya uhasibu, iko wazi kwa mwenye digrii au diploma. Kama kazi yako iko kundi hili, usipoteze mwaka kurudia KCSE.

Faili

Vyeti mchanganyiko huchelewa ofisini kwa sababu ya karatasi kuliko kwa sababu ya sifa. Cheti cha nje hulinganishwa na KNEC kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS, ambao pia hutuma uthibitisho wa matokeo ya KCSE moja kwa moja kwa chuo. Huhitaji kupanda basi la usiku hadi Nairobi kwa ajili ya kuanzisha ombi. Saiba ya mtaani inatosha, ila akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako mwenyewe. Watu hutumia ya mwenye saiba, na jibu likija miezi miwili baadaye hawana nenosiri.

Skani cheti halisi kwa rangi, pande zote mbili. Nakala ya nakala huficha mhuri, na ombi linawekwa kando. Slipu ya matokeo inakubalika kwa kuomba, lakini siku ya usajili chuo hudai cheti. Matokeo ya UACE hutoka miezi ya mwanzo wa mwaka na ya Cambridge ya msimu wa Juni hutoka Agosti, na vyeti vyenyewe hufuata baadaye, kwa hiyo mwombe msajili akupe muda kwa maandishi.

Majina. Mtu ni Wafula Peter Barasa kwenye KCSE, Peter Barasa kwenye diploma na Peter B. Wafula kwenye kitambulisho. Kwa mwenye cheti kimoja hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye vyeti vitatu vya mabaraza matatu, karani hana namna ya kujua kama ni mtu mmoja. Hati ya kiapo inayotaja majina yote matatu jinsi yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, iambatishwe tangu ombi la kwanza.

Halafu iandikie ofisi ya msajili wa masomo barua pepe kabla ya kulipa ada yoyote. Taja kozi moja kwa jina lake kamili. Orodhesha kila cheti, mwaka, baraza lililokitoa na alama. Uliza mambo mawili tu: kama mchanganyiko huo unakubalika kwa kozi hiyo, na kama bodi ya taaluma husika imewahi kusajili wahitimu wao walioingia kwa njia hiyo. Jibu la simu halishikiki. Ukijibiwa kwa maandishi, lichapishe na uliweke pamoja na barua yako ya kupokelewa, hadi siku utakayopata namba ya usajili wa kazi, kwa maana karani aliyekujibu huenda asiwepo siku hiyo.